Kinga Nzito ya Mama Adeline

Adeline Vahwere aliuza mikate kwa kinga. Ndivyo watu wa Bunia wanavyoiita baiskeli, na yake ilikuwa moja ya zile kubwa nyeusi za chuma, zisizo na gia za kubadilisha. Mlimani unakanyaga vilevile unavyokanyaga tambarare, ila kwa maombi zaidi. Kwenye keria palikuwa na sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa cheupe ndani, na mle mikate ililala ikiwa bado moto. Kila alfajiri Adeline alitoka uani kwake, mtaa wa Ngezi, akiwa amevaa suruali kuukuu ya mumewe chini ya kitenge, akaanza kupiga kengele hata pale pasipokuwa na mtu wa kupisha. Aliipenda tu sauti yake.

Wanawake wanaoendesha kinga Bunia si wengi, na wenye umri wake, mama mwenye binti, Patience, aliyekwisha kuolewa huko Niania, ni wachache zaidi. Watu walikuwa wamechoka kushangaa. Yeye mwenyewe alijifunza akiwa msichana, upande wa Butembo, kwa kuiba kinga ya kaka yake. Alidai anaipeleka mtoni kuiosha, akawa anarudi nayo ikiwa chafu kuliko ilivyotoka. Alipoolewa na Mumbere, fundi cherehani aliyekuwa akitaka kuhamia Bunia kufuata biashara, sharti lake lilikuwa moja tu, nalo halikuhusu ng'ombe wala mbuzi. "Weye utanipatia kinga," alimwambia. Mumbere alicheka, akadhani ni mzaha wa uchumba. Haukuwa mzaha.

Basi maisha yalikwenda. Mumbere alishona mbele ya nyumba, Adeline alioka nyuma ya nyumba, na kinga iliunganisha nyumba na mji.

Shida ilianza majira ya kiangazi, vumbi jekundu lilipokuwa limepanda hadi kwenye majani ya mikaratusi. Asubuhi moja, kwenye kilima kidogo kabla ya kufika barabara kuu, Adeline alijikuta anasimama juu ya pedali. Kilima kile hakikuwa kilima cha kusimamia. Miaka yote alikipanda ameketi, akiwasalimu watu kulia na kushoto. Alifika juu anahema, akatazama nyuma kama mtu anayetaka kuona ni nani aliyemshika keria. Hakukuwa na mtu.

"Labda ni upepo," alijisemea. Bunia siku hiyo jani halikutikisika.

Wiki iliyofuata upepo ule ambao haukuwapo ulizidi. Kilima kikawa kirefu, na hata tambarare ikaanza kuwa na kilima ndani yake. Adeline alifika kwa Bibiane jua limeshachomoza kabisa. Bibiane alikuwa rafiki yake na mteja wake mkubwa. Aliuza chai kando ya barabara, chini ya hema la plastiki, na chai yake bila mkate wa Adeline ilikuwa maji ya moto tu, yeye mwenyewe alisema hivyo. Alikuwa mama wa Djugu aliyeukimbia mji wake pamoja na watoto wake wakati wa vita, akafikia kwa shemeji yake Ngezi. Hakupenda kuyazungumzia hayo. Alipenda kuzungumzia watu waliokuwa wanamsubiria mkate.

"Mama Patience, ona hawa papa," Bibiane alisema, akiwaonyesha wateja wake kwenye benchi. "Banakunywa chai na macho. Uko mugonjwa?"

"Hapana. Ni hii kinga. Iko inanikatalia."

"Kinga inakatala namna gani? Ni punda?"

Wateja walicheka. Adeline naye alicheka, akagawa mikate, akarudi nyumbani akiisukuma kinga kwa mkono.

Siku hiyo hiyo aliipeleka kwa Josaphat.

Josaphat alikuwa fundi wa kinga penye njia panda ya Ngezi, mtu mrefu mwenye sauti nene ya kuimba besi kanisani, na watu walisema kwamba anaweza kutengeneza kinga kwa kuitisha tu. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiwaza sana: yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Alikuja kazini kwa miguu, akarudi kwa miguu, na akitaka kufika sokoni alikwenda kwa miguu akipitwa na kinga alizozitengeneza mwenyewe.

Aliigeuza kinga ya Adeline ikasimama kwa mabega, magurudumu juu. Akaisukuma pedali kwa kidole. Gurudumu la nyuma lilizunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka hata Josaphat alipokwisha kujifuta mikono na kukaa.

"Sikia," alisema. "Iko inaimba. Gurudumu ya kuimba haifunguliwe."

"Ikiwa juu inaimba," Adeline alijibu. "Minapoipanda inalia."

"Basi ni shene. Vumbi imekula shene."

Akautoa mnyororo, akaulowesha katika petroli ndani ya kopo, akausugua kwa mswaki hadi ukang'aa kama mkufu wa bibi harusi, akautia mafuta tone baada ya tone. Akaukandamiza kwa kidole, ukalegea kidogo tu, sawasawa na inavyotakiwa. Akadondoshea mafuta kwenye rulibre, lile gurudumu dogo la meno la nyuma linalokuacha upumzishe miguu unaposhuka mteremko. Likalia tik-tik-tik kwa furaha.

"Kesho utaruka," alisema Josaphat.

Kesho yake Adeline hakuruka. Kilima kilimsimamisha mahali palepale.

Akarudi. Josaphat akazitazama breki, akasema labda mpira unagusa rimu. Akazitanua. Bure. Akarudi tena. Josaphat akafungua mahali pedali zinapopita katikati ya fremu, akatoa gololi zote, akaziosha, akazipanga upya katika grisi nyeupe kwa uangalifu wa mtu anayepanda maharage. Pedali zilizunguka kwa pumzi tu. Akaigeuza kinga, akalisukuma gurudumu. Likaimba.

"Mama Patience," alisema sasa, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeleta habari hospitalini. "Ile kinga iko muzima. Shene muzuri, rulibre muzuri, pedali muzuri. Mutu akitafuta ugonjwa mu kinga na hauko, inafaa atafute fasi ingine."

"Fasi gani?"

Josaphat alikohoa. Akatazama spana yake.

"Siye wote tunapata miaka, mama."

Adeline akachukua kinga yake, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo si desturi yake.

Njiani hakupiga kengele.

Ukweli ni kwamba Josaphat alikuwa amesema kile ambacho Adeline mwenyewe alikuwa amekificha moyoni tangu siku ya upepo usiokuwapo. Mama yake mzazi, alipofika umri kama huu, alianza kusimama njiani akitoka shambani. Alisema ni jiwe limeingia kwenye kiatu. Mwaka mmoja baadaye miguu ilivimba, na hakutoka tena uani. Adeline alikuwa akijitazama miguu kila jioni, akiibonyeza kwa kidole gumba, akingojea kuona kama shimo litabaki. Shimo halikubaki, lakini yeye aliendelea kubonyeza.

Mumbere alimkuta siku moja akifanya hivyo.

"Unapika ugali mu miguu?" aliuliza.

Adeline alitaka kucheka, akalia badala yake. Ndipo akamwambia yote. Mumbere alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa amezoea kuongea akiwa na pini mdomoni. Alivuta kiti, akakaa, akatoa pini.

"Kesho tunaenda kwa muganga," alisema. "Siye wawili."

Walikwenda kituo cha afya. Muuguzi, msichana mchangamfu, alimpima Adeline presha, akamsikiliza moyo mbele na nyuma, akamwambia apande na kushuka ngazi ya mlangoni mpaka atakapomwambia aache. Adeline alipanda na kushuka. Wagonjwa wengine wakaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama watoto wa shule. Muuguzi alichoka kusubiri Adeline achoke.

"Mama, rudi nyumbani," alisema. "Hiyo moyo iko inapiga muzuri kuliko ya miye."

Ungedhani habari hiyo ingempa raha. Ilimpa raha mpaka asubuhi. Alipokishika kilima tena na kilima kikamshika yeye, alifikiri: basi, muuguzi yule ni mtoto, atajua nini. Moyo ukisema hakuna ugonjwa na kilima kikisema upo, mtu anayekanyaga pedali atasadiki kilima.

Ndiyo sababu siku ile alimwambia Mumbere, bila kumtazama usoni, "Papa Patience, tafuta mutu wa kuuzia hii kinga. Mikate nitapatia mutu wa pikipiki abebe."

Mumbere alisimamisha cherehani. Alimjua mke wake. Kama angemwambia usiuze, angeuza siku hiyo hiyo.

Mnunuzi alipatikana upesi. Aliitwa Fiston, kijana wa Iga Barrière, kifua kipana, shingo kama ya fahali, aliyezoea kubeba mitungi ya mafuta ya mawese kwa kinga kutoka huku hadi kule. Kinga yake ilikuwa imevunjika fremu kwa uzito. Alifika Jumamosi, saa za mchana. Adeline alikuwa ameiosha kinga asubuhi, akaipaka mafuta, akafunga utepe mwekundu kwenye usukani kama anayemwoza binti. Josaphat alikuwapo pia. Alikuwa amekuja kushonewa suruali na Mumbere, na labda dhamiri ilikuwa inamsumbua kidogo, kwa sababu suruali ile ilikuwa imeshonwa mara mbili tayari.

"Kinga ya nguvu," Fiston alisema, akiipigapiga kiti. "Fremu ya zamani. Sasa hakutoke tena kama hizi."

"Pima," Adeline alisema. "Enda na sanduku yake, uone vile inabeba."

Sanduku lilikuwa limejaa kuni. Fiston alipanda, akatoka langoni, akageukia kilimani. Adeline aliingia ndani, hakutaka kuona. Alikaa kitandani akisikiliza. Alimsikia mtoto wa jirani akilia, akamsikia Josaphat akimwambia Mumbere habari za kwaya, na alikuwa akijiambia kwamba mtu hawezi kulilia vyuma, kwamba kinga ni kinga tu, aliposikia miguu. Haikuwa kengele. Ilikuwa miguu ya mtu anayesukuma.

Fiston aliingia uani amelowa jasho, shati limegandana na mgongo.

"Papa," alimwambia Mumbere, akihema, "minaomba musamaha. Hii kinga siwezi. Iko muzito! Mu kilima ile inakuwa kama mutu amekamata gurudumu."

Mara ndani ya nyumba kikasikika kicheko.

Adeline alitoka mlangoni akicheka, ameshika kiuno, machozi yanamtiririka. Fiston alidhani anachekwa yeye, akataka kukasirika, lakini mama yule alimjia akamshika mikono yote miwili kama mtu anayepokea mgeni kutoka Ulaya.

"Rudilia tena!" alisema. "Rudilia vile umesema!"

"Iko muzito, mama."

"Kwa weye? Na hii mabega?"

"Kwa miye. Sijui unaipandaka namna gani. Miye ningekufa."

"Josaphat!" Adeline aligeuka. "Umesikia? Huyu naye iko na miaka mingi?"

Josaphat alikuwa amesimama, suruali yake mkononi, sura yake kama ya mwimbaji aliyeanza kuimba kabla ya wenzake. Ni haki kusema kwamba hakujitetea. Aliweka suruali chini.

"Leteni hiyo kinga," alisema.

Aliigeuza, akazungusha. Gurudumu likaimba. Akaligeuza tena kwa nguvu. Likaimba kwa nguvu. Akakuna kichwa.

"Ukiigeuza hautaona kitu," Adeline alimwambia. "Miye sipandi kinga ikiwa miguu juu. Panda weye."

"Miye?"

"Weye. Mpaka kilimani."

Hapo ndipo ilipojulikana jambo ambalo njia panda nzima ya Ngezi haikulijua. Josaphat alisugua viganja, akatazama anga, akatazama lango, na mwishowe akasema kwa besi yake ndogo kabisa, "Miye sijuake kupanda."

Hata Mumbere, mtu wa maneno machache, alitoa sauti.

"Tangu lini?" aliuliza Adeline.

"Tangu kuzaliwa. Muzee wangu alikuwa fundi. Nilijifunza kutengeneza mbele ya kujifunza kutembea vizuri. Kupanda, nilianguka mara moja, basi." Aliinua mabega. "Mutu anaweza kupika bila kula."

Walicheka wote, na Fiston zaidi, maana alikuwa amefurahi kuona aibu imehama kutoka kwake. Lakini Josaphat hakucheka. Alikuwa anaitazama kinga, kinywa wazi kidogo. Neno lake mwenyewe lilikuwa limempitia kichwani na kukaa.

"Basi miye naonaka kinga ikiwa imelala tu," alisema polepole. "Sijawahi kuiona ikiwa kazini. Papa Patience, panda. Usiendeshe, ukae tu. Mama, weye usukume polepole. Miye nitaangalia."

Mumbere akaketi kwenye kiti, miguu inaning'inia, kama askofu. Adeline akashika usukani, Fiston akasukuma kutoka nyuma. Na Josaphat, mtu mrefu yule, akachuchumaa vumbini na kuanza kuwafuata akiwa amechuchumaa, kama bata, pua yake karibu na gurudumu la nyuma. Ua ulikuwa mdogo. Walizunguka na kuzunguka, wakapita kwenye tanuri, wakapita kwenye kamba ya nguo, kuku wakatawanyika. Majirani walikuja kusimama langoni. Mmoja aliuliza kama ni ibada.

"Simama!" Josaphat alipiga kelele. "Papa, shuka."

Mumbere akashuka.

"Panda tena."

Mumbere akapanda.

"Ona, ona, ona!" Josaphat alikuwa amelala kifudifudi sasa, kwa suruali safi. "Akipanda, gurudumu inalala upande huu. Akishuka, inasimama. Na shene inaenda kombo, inasaga meno. Musikilize!"

Wakanyamaza, Adeline akasukuma kidogo, na kweli ikasikika: krrr, krrr, sauti ndogo kavu, kama panya katika gunia la mahindi. Chini ya uzito wa Mumbere gurudumu lilikuwa linachechemea. Lilikuwa limeinama upande mmoja kiasi cha unene wa kidole, na mpira ulikuwa unakaribia kulamba fremu.

Josaphat alikimbia kufuata spana zake njia panda. Alikimbia kwa miguu, bila shaka, na alirudi upesi kuliko ambavyo angerudi kwa kinga. Alilegeza nati mbili za nyuma, akalitoa gurudumu, akaliweka mapajani. Gurudumu lile lile alilokataa kulifungua kwa sababu linaimba. Alishika ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu na kulishikilia kwenye fremu, akaivuta upande wa kulia.

Ikatoka. Ilikuwa fupi kama kidole cha shahada.

Wote waliitazama. Josaphat akaligeuza gurudumu, akavuta upande wa kushoto. Kikatoka kipande kingine, kifupi vilevile. Gololi zikaanguka mapajani mwake, zingine zimepasuka, nyeusi kwa grisi iliyoungua.

"Imekatika," alinong'ona. "Iko vipande mbili. Mama Patience, weye ulikuwa unapandia chuma yenye ilikatika."

Akawaeleza, akionyesha kwa vidole. Kinga ikiwa imegeuzwa, haina mzigo, vipande viwili vinakutana katikati kama watu wawili wanaosalimiana, na gurudumu linazunguka kwa raha. Mtu akikaa, mikono ile inaachana. Kila kipande kinainama upande wake, gololi zinabanwa, mnyororo unapinda, na mpandaji anakokota kinga yake badala ya kuiendesha. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyobana. Na Adeline alikuwa ameoka mikate mingi zaidi tangu mwaka uanze.

"Bado kidogo tu ingekutupa chini mu barabara," Fiston alisema, na mara hii hakucheka.

Mumbere alichukua vile vipande viwili, akaviweka kwenye kiganja. Kisha akamtazama mke wake. "Ulipanda kilima na hii," alisema. "Siku zote hizi."

Adeline alikuwa anaitazama miguu yake mwenyewe, ile iliyotuhumiwa bure, kwa macho ya mtu anayetaka kuomba radhi.

Josaphat alitaka kusema jambo la toba, akaanza, "Mama, siku ile nilisema juu ya miaka..." lakini Adeline alimkata.

"Tafuta ekseli nzuri. Ile ya nguvu. Maneno utaimba kanisani."

Ekseli ilipatikana sokoni Jumatatu, na Josaphat aliiweka na gololi mpya na grisi mpya. Alipomaliza hakuigeuza kinga kusikiliza wimbo. Alimwomba Adeline apande mbele ya macho yake, sanduku likiwa limejaa, akachuchumaa nyuma yake kama bata hadi mwisho wa njia. Tangu hapo hilo likawa sharti la kazi yake: hakuna kinga inayotoka pale kabla mwenyewe hajaipanda na mzigo wake, fundi akimfuata vumbini. Watu wa Ngezi walicheka mwanzoni. Sasa wanadai. Ukimtengenezea mtu kinga bila kumfuata umechuchumaa, anaona umempunja.

Fiston naye alirudi Iga Barrière bila kinga, lakini na mikate miwili ya bure na salamu nyingi. Alikuwa mnunuzi wa kwanza Bunia kushukuriwa kwa kutonunua.

Na Adeline? Jumanne alfajiri alitoka langoni, akakanyaga pedali mara moja, na karibu aanguke, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umezoea kusukuma ukuta na ukuta haukuwapo. Kinga iliteleza mbele kama sabuni. Alikipanda kilima ameketi. Juu yake hakusimama. Alishuka upande wa pili rulibre ikilia tik-tik-tik, kitenge kikipepea, na alipofika kwa Bibiane maji ya chai yalikuwa hata hayajachemka.

"Eh!" Bibiane alisema, kijiko mkononi. "Umetoka jana?"

Adeline alimsimulia yote, kuanzia muuguzi hadi Josaphat kuchuchumaa. Bibiane alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipomaliza kucheka alibaki akiitazama ile kinga, akapitisha mkono juu ya kiti chake cha ngozi iliyopasuka.

"Mama Patience," alisema. "Kupanda ni nguvu?"

"Ni kuanguka kidogo. Kisha hauanguke tena."

Bibiane alikuwa akichochea chai isiyokuwa na sukari bado.

"Siku ile tulitoka kule Djugu," alisema, na Adeline akatulia, maana hilo lilikuwa jambo ambalo rafiki yake halisemi, "kinga ya bwana wangu ilikuwa mu nyumba, imesimama ku ukuta. Muzima kabisa. Nilipita pembeni yake na watoto, na mizigo ku kichwa. Sikujua kupanda. Niliiacha." Akamimina chai kikombeni. "Minafikiriaka ile kinga kuliko nyumba."

Adeline alikula kipande cha mkate wake mwenyewe, jambo asilolifanya kazini, akampa Bibiane kipande kingine.

Jumapili, baada ya ibada, watu waliokuwa wanarudi nyumbani waliona jambo kwenye uwanja wa mpira wa Ngezi. Mama mmoja, mwenye kitenge cha ndege wa manjano kilichofungwa kiunoni juu ya suruali ya kuazima, alikuwa juu ya kinga kubwa nyeusi, amekunja uso, amekamata usukani kama pembe za ng'ombe. Mama mwingine alikuwa akikimbia nyuma yake ameshika kiti. Sanduku la mikate lilikuwa limetolewa na kuwekwa kando ya goli, na watoto wa Bibiane walikuwa wamelikalia, wakipiga makofi.

"Angalia mbele!" Adeline alikuwa akipaza sauti. "Usiangalie miguu! Miguu inajua!"

"Usiniachilie!"

"Sijakuachilia!"

Alikuwa amekwisha kumwachilia. Bibiane alikwenda peke yake, kombokombo, akapita kwenye mstari wa katikati, akapita kwenye kundi la wachezaji waliokimbia kumpisha, akatambua kwamba sauti ya Adeline inatoka mbali, akapiga ukelele na kuingia moja kwa moja kwenye nyasi ndefu. Alianguka. Kinga ilianguka juu yake. Watu walikimbilia.

Bibiane alikuwa amelala chali, majani kichwani, goti limechubuka, akitazama mawingu.

"Nani alisema niko nimechoka?" aliuliza, ingawa hakuna mtu aliyesema hivyo. "Muniinue. Tunarudilia."

Wakamwinua. Adeline akalikagua gurudumu, akalizungusha, kisha akakumbuka, akamwambia Bibiane apande kwanza ndipo alitazame vizuri.

Josaphat alikuwa amesimama pembeni, bado na nguo za kwaya, mikono nyuma. Alikuwa amesimama pale muda mrefu kuliko alivyohitaji. Adeline alimwona, akamwita kwa kidole.

"Akimaliza huyu," alimwambia, "ni weye."

Josaphat alitazama kulia na kushoto, kama anayetafuta Josaphat mwingine. Halafu akaanza, polepole sana, kuvua joho lake la kwaya.